Daktari wa Watoto Aliyeingia Bungeni kwa Sababu ya Surua



Katika ukurasa huu tumezoea kueleza ugonjwa, dalili zake na namna ya kuuzuia. Mwezi huu tunapenda kuutazama ugonjwa mmoja kwa kupitia kazi ya mtu mmoja, daktari wa watoto, aliyeona kwamba sindano na vidonge peke yake havitoshi, akaenda kutunga sheria. Ugonjwa ni surua. Mtu ni Richard Pan, na mahali ni California, huko Marekani. Pengine msomaji atauliza, "California inatuhusu nini sisi?" Tunamwomba avumilie kidogo. Virusi vya surua vya kule ndivyo vya hapa, na maswali waliyoulizana wazazi wa kule tumeyasikia mara nyingi kwenye mabenchi ya kliniki zetu.

Tukisema jimbo la California, hatuna maana ya jimbo la askofu. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila moja lina gavana wake na Bunge lake. Ni jimbo linaloamua mtoto awe amepata chanjo gani kabla ya kuandikishwa shule. Kwa hiyo mbunge wa jimbo, ambaye hata jina lake halijulikani nchi za nje, anaweza kugusa afya ya mamilioni ya watoto.

KUTOKA WODINI HADI BUNGENI

Dr. Pan alizaliwa mwaka 1965. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Taiwan. Alisomea magonjwa ya watoto, kisha akafundisha madaktari vijana katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, karibu na Sacramento, mji mkuu wa jimbo. Huko alianzisha mpango wa kuwatoa madaktari hao hospitalini na kuwapeleka mitaani, wakafanye kazi na vikundi vya wananchi, ili wajue mtoto anaishi katika nyumba gani na anakula nini kabla ya kumwandikia dawa. Mwaka 2010 alichaguliwa kuingia Baraza la Chini la Bunge la California, na mwaka 2014 akachaguliwa kuwa Seneta. Alitoka mwaka 2022, kwa kuwa sheria ya kule hairuhusu mtu kukaa bungeni zaidi ya miaka 12.

Alipoulizwa kwa nini alishikilia sana habari ya chanjo, alitaja mara nyingi surua iliyolipuka katika mji wa Philadelphia mwaka 1991, wakati yeye alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Watoto 9 walikufa. Wengi wao walitoka katika familia za vikundi viwili vya dini ambavyo vilikataa chanjo na dawa, vikitegemea sala tu. Mwishowe mahakama iliamuru baadhi ya watoto wachanjwe hata kama wazazi hawataki. Chanjo ya surua ilikuwa imeruhusiwa nchini humo tangu mwaka 1963. Yaani watoto hao walikufa kwa ugonjwa ambao dawa ya kuuzuia ilikuwepo kwa miaka 28, katika mji wenye hospitali nyingi na barabara za lami.

SHERIA YA KWANZA: MZAZI AKAE NA MGANGA

California ilikuwa na sheria ya zamani inayotaka mtoto awe amechanjwa kabla ya kuanza shule. Lakini mlango mmoja uliachwa wazi: mzazi aliyesema kwamba chanjo ni kinyume cha imani au maoni yake alitia saini karatasi, na mtoto akapokelewa. Wengine walitia saini kwa sababu wanapinga kweli. Wengine, na hili tunalielewa, walitia saini kwa sababu kadi ya mtoto imepotea na kutia saini ni rahisi kuliko kurudi kliniki.

Mwaka 2012 Dr. Pan alipeleka mswada bungeni, nao ukapita. Haukufunga mlango ule. Ulidai tu kwamba kabla ya kutia saini, mzazi aonane na mhudumu wa afya, aelezwe faida na madhara ya chanjo, aelezwe pia hatari ya ugonjwa wenyewe, na mhudumu naye atie saini. Gavana wa wakati ule, Jerry Brown, ambaye katika ujana wake aliwahi kuwa mnovisi wa Wajesuiti, alikubali, lakini aliagiza watu ambao dini yao inawakataza kabisa dawa wasilazimishwe kutafuta saini hiyo.

Sheria ilianza kutumika Januari 2014. Misamaha ilipungua kutoka karibu asilimia 3 ya watoto wanaoanza shule hadi asilimia 2 na nusu hivi. Tunaipenda sheria hii ya kwanza kuliko watu wengi wanavyoipenda. Ilimheshimu mzazi. Ilimkalisha chini na mtu anayejua, wazungumze. Asilimia 2 na nusu inaonekana ndogo, ila wastani hudanganya. Watoto wasiochanjwa hawakutawanyika sawasawa katika jimbo zima. Walikuwa wamekusanyika katika mitaa fulani na shule fulani, kwa sababu wazazi husikilizana na jirani hufuata jirani. Kijiji chenye nyumba mia za bati na kumi za makuti hakina hofu kubwa ya moto makuti yakiwa yametawanyika. Yakisimama kumi pamoja, cheche moja inatosha.

CHECHE YA DISNEYLAND

Cheche ilikuja Desemba 2014. Katika mji wa Anaheim kuna bustani kubwa ya michezo iitwayo Disneyland, ambayo familia huenda kutoka pande zote za dunia wakati wa Noeli. Mtu mmoja mwenye surua alipita hapo. Mpaka mwanzoni mwa Februari 2015 wagonjwa 125 nchini Marekani walikuwa wamehusishwa na mlipuko huo, na 110 kati yao walikuwa wakazi wa California. Katika hao 110, karibu nusu, yaani 49, hawakuwa wamechanjwa. Na 12 walikuwa watoto wachanga ambao umri wao wa kuchanjwa haujafika.

Tunaomba msomaji asimame kidogo kwenye hao 12. Mama zao hawakukataa chanjo wala hawakusahau tarehe. Watoto walikuwa wadogo mno, basi. Mtoto wa umri huo kinga aliyopewa na mama tumboni inaanza kwisha, na ile ya sindano bado. Katika miezi hiyo ukuta wake ni watu wengine: kaka, dada, watoto wa jirani, watoto waliokaa naye kwenye basi. Wapo pia watoto wenye saratani ya damu ambao, kwa sababu ya matibabu yao, hawawezi kupewa chanjo yenye virusi hai vilivyodhoofishwa kama ya surua. Nao wanaishi nyuma ya ukuta huohuo.

Ni lazima ukuta huu uwe mrefu kiasi gani? Surua inaenea kwa hewa kuliko karibu magonjwa yote tunayoyajua. Mgonjwa akikohoa chumbani na kuondoka, virusi vinaweza kubaki hewani hata saa 2. Huanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatokea, wakati mama anadhani mtoto ana mafua tu. Mahali ambapo hakuna mwenye kinga, mgonjwa mmoja huambukiza watu 12 hadi 18. Ili mnyororo huo ukatike, inatakiwa karibu watu 95 katika kila 100 wawe na kinga.

SHERIA YA PILI: MLANGO UNAFUNGWA

Mapema mwaka 2015 Dr. Pan, pamoja na Seneta Ben Allen, ambaye baba yake aliugua polio, walipeleka mswada mpya. Safari hii msamaha wa imani na maoni uliondolewa kabisa. Mtoto asiyechanjwa dhidi ya magonjwa 10, yakiwemo surua, polio, pepopunda, dondakoo na kifaduro, hataandikishwa shule, iwe ya serikali au ya binafsi. Msamaha wa kitabibu ulibaki, kwa mtoto ambaye daktari anathibitisha kwamba chanjo itamdhuru. Na mzazi ambaye bado hataki aliruhusiwa kumfundisha mtoto wake nyumbani.

Wazazi mamia walifurika Sacramento kupinga. Hatuwadharau. Mama anayeogopa sindano ya mwanawe anaogopa kwa sababu anampenda. Wengi waliogopa ugonjwa wa usonji, ambao humfanya mtoto achelewe kusema na ashindwe kuchangamana na wenzake. Hofu hiyo ilienezwa na makala ya mwaka 1998 katika jarida la kitabibu la Uingereza, Lancet, iliyoandikwa juu ya watoto 12 tu. Baadaye iligundulika kwamba taarifa za watoto hao zilipotoshwa. Jarida liliifuta makala hiyo mwaka 2010, na daktari aliyeiongoza akanyang'anywa leseni. Uchunguzi mmoja wa Denmark uliotangazwa mwaka 2019 uliwafuatilia watoto 657,461 na haukuona kwamba chanjo ya surua inaongeza usonji. Lakini hofu haifutwi kwa kufuta makala.

Kwa kuwa wasomaji wetu watauliza kuhusu dhamiri, tuseme hivi. Kuna chanjo, kama ya rubela, ambazo virusi vyake vilioteshwa katika chembechembe zilizotokana na mimba zilizotolewa miaka ya 1960. Vatican ililitazama jambo hili mwaka 2005, ikalirudia mwaka 2017, na tena Desemba 2020 wakati wa ugonjwa wa korona. Jibu lilikuwa kwamba pale ambapo hakuna chanjo nyingine, Mkatoliki anaweza kuitumia bila kushiriki kosa lile la zamani, na watengenezaji wahimizwe kutafuta njia safi. Waraka wa mwaka 2020 ulisema pia kwamba chanjo, kama kanuni, iwe ya hiari, ukaongeza kwamba anayeikataa kwa dhamiri ana wajibu wa kujilinda asiwe chanzo cha maambukizi kwa wanyonge. Kwa hiyo Wakatoliki wema walisimama pande zote mbili za mswada wa Dr. Pan, na hatuoni ajabu.

Gavana Brown alitia saini tarehe 30 Juni 2015. Wapinzani walikusanya saini ili sheria ipelekwe kwa wananchi wapige kura, hazikutosha. Walijaribu kumwondoa Dr. Pan kwenye kiti chake kabla ya wakati, hazikutosha pia. Katika mwaka wa masomo ulioanza 2014, watoto waliokuwa na chanjo zote walipoingia shule ya awali walikuwa asilimia 90.4. Katika mwaka ulioanza 2016, wa kwanza kwa sheria mpya, walifika asilimia 95.6.

UFA KATIKA UKUTA

Hapa ndipo tunapopata somo ambalo sheria peke yake haitoi. Misamaha ya kitabibu, ambayo ilikuwa asilimia 0.2 tu ya watoto, ilianza kupanda kila mwaka, mpaka ikafika asilimia 0.9 katika mwaka wa masomo ulioanza 2018. Watoto wa California hawakuwa wamedhoofika ghafla. Madaktari wachache walikuwa wamegeuza cheti cha msamaha kuwa biashara, wakiandika vyeti kwa ada kwa watoto ambao hawakuwahi kuwatibu. Mlango uliofungwa mbele ulifunguliwa uani, na waliofungua walikuwa watu wa taaluma yake mwenyewe.

Mwaka 2019 Dr. Pan alipeleka mswada wa tatu. Ulisema idara ya afya ya jimbo iwe na uwezo wa kukagua vyeti hivyo, hasa katika shule ambazo waliochanjwa wako chini ya asilimia 95, na kwa daktari anayeandika vyeti 5 au zaidi kwa mwaka. Safari hii hasira ilivuka mipaka. Mwezi Agosti mpinzani mmoja alimsukuma Seneta kwa nyuma barabarani Sacramento, huku akijipiga picha za video. Mwezi Septemba, baada ya Gavana Gavin Newsom kutia saini, mwanamke mmoja alirusha kitu kilichoonekana kuwa na damu kutoka kwenye viti vya wageni hadi walipokaa maseneta, kikao kikasimama. Mwaka huohuo Marekani ilipata wagonjwa wa surua zaidi ya 1,200, idadi ambayo haikuonekana tangu 1992.

Hata hivyo mtu huyu hakushinda kila mara, na tunaona ni vizuri kulisema. Mwaka 2022 alipeleka mswada wa kuwalazimisha wanafunzi wachanjwe dhidi ya korona. Mwezi Aprili aliusimamisha mwenyewe, akieleza kwamba kwanza lazima chanjo ifike kwa watoto na familia zao ndipo sheria iweze kudai. Kwetu sisi uamuzi ule unaonyesha busara yake kuliko ushindi wa 2015. Huwezi kumfungia mtoto mlango wa shule kwa kukosa kitu ambacho hukumletea.

NA HUKU KWETU?

Basi turudi nyumbani. Je, tudai sheria kama ya California? Tunadhani tungekuwa tunatibu kidonda kingine. Mtoto wetu huanza darasa la kwanza akiwa na miaka 6 au 7. Surua huua zaidi walio chini ya miaka 5. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu 107,500 duniani walikufa kwa surua, na wengi walikuwa wa umri huo. Mwalimu akidai kadi siku ya kuandikisha, hatari kubwa imeshapita, na waliokufa hawapo kwenye foleni.

Tena kwetu wanaokataa kwa maneno ni wachache kuliko wanaokosa kimyakimya. Kliniki iko mbali. Siku ya chanjo imekutana na siku ya kupanda mahindi. Mama amefika, akaambiwa watoto hawajatimia wa kutosha kufungua chupa, arudi wiki ijayo. (Chupa moja ina dozi kadhaa na ikishachanganywa haikai zaidi ya saa 6, lakini mama aliyetembea kilomita nane na kurudishwa, je, atarudi? Tungependa kuona chupa ikifunguliwa hata kwa mtoto mmoja.) Na kuna kosa moja la kawaida mno. Tanzania na Kenya, chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili: miezi 9 na miezi 18. Baada ya miezi 9 wazazi wengi huiweka kadi sandukuni, wakidhani kliniki imekwisha.

Tupige hesabu. Dozi ya miezi 9 humkinga mtoto kwa kiasi cha asilimia 85. Hata watoto wote 100 wa kigango kimoja wakichanjwa siku hiyo, watoto 15 hivi watarudi nyumbani bila kinga, na hakuna anayeweza kuwatambua kwa macho. Ukuta unataka 95, na hapa tuna 85. Dozi mbili huwafikisha karibu 97. Kwa hiyo dozi ya miezi 18 siyo ya kukumbushia wala ya ziada. Bila hiyo ukuta haufiki urefu unaotakiwa, na aliyeko nyuma yake ni yule mchanga wa jirani mwenye miezi 5. Mtoto aliyepitwa na miezi 18 apelekwe hata kama amechelewa. Wahudumu watamwangalia kwenye kadi na kumpa.

Na asifikiri mtu kwamba surua ni ugonjwa wa zamani au wa maskini. Mwaka 2025 ililipuka magharibi mwa jimbo la Texas. Wagonjwa 762 walihesabiwa katika mlipuko huo na watoto 2 wa umri wa shule walikufa. Wote wawili hawakuwa wamechanjwa.

MTOTO AKISHASHIKWA

Surua huanza kwa homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu yanayotoa machozi. Baada ya siku 3 au 4 hutokea vipele, kuanzia usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka mwilini. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe. Kinachoua mtoto mara nyingi ni nimonia, kuhara na kukaukiwa maji, na hayo yana tiba yakiwahiwa.

Wako wanaosema mgonjwa wa surua asioge, asile nyama wala mayai, na asichomwe sindano eti vipele vitarudi ndani. Hayana msingi. Mtoto anyonye, ale kidogokidogo mara nyingi, anywe sana, na aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu. Usimtie machoni majani, maziwa, wala dawa yoyote ambayo hukupewa na mganga wa zahanati; surua ikikutana na upungufu wa vitamini A huchubua jicho, na dawa za kienyeji zimewamalizia wengi upofu. Kituoni ataandikiwa vitamini A, dozi moja siku ile na nyingine kesho yake. Usiache ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Akipumua kwa shida, akipata degedege, akilegea au akishindwa kunyonya, usingoje asubuhi.

Unapomfikisha, usiingie naye moja kwa moja na kukaa kwenye benchi. Mwache nje kivulini na mtu, umwite muuguzi, umwambie wazi, "Nadhani ni surua." Atakupitisha mlango mwingine. Siku ya kliniki benchi lile limejaa watoto wachanga.